Asili nne kwenye taroti: kupima nguvu ya karata kwa majirani zake

Tandaza karata tatu mezani. Ya katikati ni Kumi ya Panga: mtu amelala kifudifudi, panga kumi zimesimama mgongoni mwake. Ukiiona peke yake utasema mambo yameharibika. Lakini ina jirani kushoto na jirani kulia, na hao ndio wanaoamua pigo hilo lina uzito gani. Pande zote mbili zikiwa na panga nyingine, pigo ni zito na halina wa kulizuia. Pande zote mbili zikiwa na sarafu, picha inabaki ileile ya kutisha, ila mkono wa kupiga haupo.

Hiyo ndiyo kazi ya asili nne, yaani moto, maji, upepo na udongo, katika usomaji wa taroti, karata za kubashiria: kupima nguvu. Maana ya karata inatoka kwenye karata yenyewe, na nguvu yake inatoka kwa majirani. Yatenganishe mambo haya mawili tangu siku ya kwanza, kwa sababu makosa mengi ya njia hii huanzia pale msomaji anapoyachanganya.

Njia hii iliwekewa utaratibu na Hermetic Order of the Golden Dawn, chama cha siri kilichoanzishwa London mwaka 1888. Wanachama wake hawakuipa karata maana nyingine kwa sababu tu imetoka kichwa chini. Walisema karata ina hadhi au haina hadhi, kutegemea aliyekaa kando yake. A. E. Waite na Pamela Colman Smith, waliotoa mwaka 1909 pakiti ambayo wasomaji wengi wanaitumia hadi leo, wote walipitia chama hicho, ndiyo maana njia hii inakaa vizuri kwenye picha zao.

Jamii nne na asili zake

Taroti ina karata 78: turufu 22 na karata ndogo 56, zilizogawanywa katika jamii nne za karata 14 kila moja. Kwa mcheza karata wa Kiswahili jamii hizo si ngeni kabisa. Shupaza, kopa, uru na pau ni maneno tuliyoyapata kwa Wareno, na kwao yanamaanisha panga, vikombe, dhahabu na fimbo, yaani jamii zilezile za taroti. Hata neno turufu ni ndugu wa trionfi, jina la kale la Kiitaliano la karata hizo kubwa. Kama huna pakiti ya taroti, karata za kawaida 52 zinatosha kabisa kujifunzia hesabu ya asili.

Fimbo, au pau, ni moto: ari, haraka, kuanza jambo. Vikombe, au kopa, ni maji: mapenzi, hisia, ndoto. Panga, au shupaza, ni upepo: fikra, maneno, ugomvi, uamuzi. Sarafu, au uru, ni udongo: mali, mwili, kazi ya mikono, kitu kinachoshikika.

Ziko pakiti zinazobadilishana fimbo na panga, fimbo zikawa upepo na panga zikawa moto. Fungua kijitabu cha pakiti yako kabla ya kuanza. Mabadiliko hayo yanageuza urafiki na uadui wote, na msomaji asiyejua atapima vibaya kila siku bila kugundua kosa liko wapi.

Nani rafiki, nani adui

Usikariri orodha ya jozi. Jifunze sababu, orodha itakuja yenyewe. Tangu Aristotle, kila asili imeelezwa kwa sifa mbili. Moto ni joto na ukavu. Upepo ni joto na unyevu. Maji ni baridi na unyevu. Udongo ni baridi na ukavu. Elimu hii ilifika pwani yetu kupitia tiba ya Waarabu, na waganga wa kitabu bado wanazungumzia hari, baridi, yabisi na rutuba kwa maana hiyohiyo. Mpiga ramli naye anazijua asili hizi: mistari minne ya kila alama ya ramli, kutoka juu kwenda chini, ni moto, upepo, maji na udongo.

Sasa linganisha. Moto na maji havina sifa hata moja inayofanana, kwa hiyo ni maadui. Upepo na udongo vilevile. Jozi nyingine zote zinashirikiana sifa moja, kwa hiyo ni marafiki: moto na upepo wanakutana kwenye joto, maji na udongo kwenye baridi, moto na udongo kwenye ukavu, upepo na maji kwenye unyevu. Baadhi ya walimu wa sasa huziita jozi mbili za mwisho vuguvugu, si rafiki wala si adui. Hati za Golden Dawn zinazihesabu marafiki, na ni vizuri uanze hivyo. Ukishazoea, utaona mwenyewe kwamba moto na upepo hupandishana haraka, wakati moto na udongo huvumiliana tu.

Kupima karata tatu

Changa karata, kata, kisha weka tatu kwa mstari. Karata ya katikati ndiyo jambo lenyewe na za pembeni ni majirani. Usianze na maana. Taja asili tatu kwa sauti, kushoto, katikati, kulia: "moto, udongo, upepo." Kisha jiulize maswali matatu kwa mpangilio huu. Jirani wa kushoto ni nani kwa karata ya katikati? Wa kulia je? Na majirani hao wawili, wao kwa wao wanapatana?

Swali la tatu ndilo linaloachwa na wengi, na ndilo lenye faida kubwa kuliko mengine. Majibu yote yanaangukia katika hali saba.

Majirani wote ni wa asili ya katikati. Karata ina nguvu zake zote, kwa heri au kwa shari, na asili nyingine haimo kabisa kuipunguza.

Mmoja ni wa asili yake, mwingine rafiki. Karata ina nguvu, na rafiki anaitia ladha kidogo.

Wote wawili ni rafiki wa asili moja, kama kikombe kati ya sarafu mbili. Nguvu ni ya wastani, lakini ladha ni ya majirani, maana wako wawili na wanasema neno moja. Hisia hiyo itajionyesha kwa vitu: zawadi, nyumba, chakula.

Wote ni marafiki wa katikati lakini wao kwa wao ni maadui, kama fimbo kati ya panga na sarafu. Wanashughulikiana wenyewe, na karata ya katikati inasimama kwa nguvu yake ya kawaida. Isome kana kwamba iko peke yake.

Mmoja ni wa asili yake, mwingine adui. Hapa pia majirani wanapingana, mmoja anajenga na mwingine anabomoa. Nguvu ni ya kawaida, ila kuna mvutano wa kutaja.

Mmoja adui, mwingine rafiki. Usikimbilie kusema karata imedhoofika. Rafiki wa katikati siku zote ni rafiki wa adui huyo pia. Zihesabu asili uhakikishe. Rafiki huyo anakuwa daraja. Karata inabaki na nguvu ya kutosha, imebadilishwa ladha na wote wawili, na adui anaingia kwa kupitia mlango wa rafiki.

Wote wawili ni maadui. Hapa ndipo karata inapodhoofika kwelikweli.

Kidole kimoja hakivunji chawa: adui mmoja peke yake haivunji karata. Hesabu inathibitisha. Chukua karata ndogo 56 tu, weka moja katikati, kisha toa majirani wawili. Kuna njia 55 × 54, yaani 2,970, za kuwatoa. Katika njia 1,330, karibu 45 kati ya 100, kuna angalau adui mmoja. Lakini maadui wawili kwa pamoja wanatokea mara 182 tu, kama 6 kati ya 100. Daraja linatokea mara 784, zaidi ya 26 kati ya 100, nalo ndilo hali inayotokea mara nyingi kuliko nyingine zote. Kwa hiyo anayedhoofisha karata kila akiona adui anapotosha kama 86 kati ya kila 100 ya usomaji wake wenye adui, na kila mara kwa upande uleule. Nguvu kamili, yaani asili moja pande zote, nayo ni adimu: mara 156, kama 5 kati ya 100. Ukijikuta unasema "hii ina nguvu sana" au "hii haina nguvu kabisa" kila unapotandaza, rudia swali la tatu.

Daraja kwa karibu

Mtu anauliza kuhusu kazi aliyopewa pamoja na wenzake. Kushoto imetoka Nane ya Fimbo, katikati Tatu ya Sarafu, kulia Saba ya Panga.

Taja asili: moto, udongo, upepo. Moto na udongo ni marafiki kwa ukavu. Upepo na udongo ni maadui. Moto na upepo wanapatana kwa joto. Ni hali ya daraja, na daraja ni Nane ya Fimbo.

Sasa ndipo utazame picha. Kwenye Tatu ya Sarafu fundi amesimama juu ya benchi chini ya tao la jengo, na watu wawili mbele yake wameshika mchoro. Ni ustadi, kazi ya pamoja, kazi inayokaguliwa. Haijadhoofika: kazi ipo na itafanyika. Kwenye Saba ya Panga mtu ananyata kutoka kambini amebeba panga tano kwa makali, mbili zimebaki zimechomekwa ardhini nyuma yake. Ni ujanja, kitu kinachofanywa bila wengine kujua. Ujanja huo hauna njia ya moja kwa moja ya kuingia kwenye kazi ya fundi, kwa sababu ni upepo mbele ya udongo. Unapitia Nane ya Fimbo, fimbo nane zinazoruka hewani, yaani haraka. Jibu kwa mwenye swali: kazi itakwenda, na mahali pa kuangalia ni pale mambo yanapoharakishwa, maana haraka ndiyo itakayompa mtu nafasi ya kupitisha jambo kwa siri. Ushauri unatoka hapohapo: mchoro ukaguliwe kabla ya kuanza, kasi isiwe sababu ya kuruka hatua.

Ondoa Nane ya Fimbo, weka Mbili ya Vikombe. Asili ni maji, udongo, upepo. Bado ni daraja, lakini sasa ni maji: ujanja unaingia kwa mlango wa urafiki, mtu anamwamini mwenzake akasahau kuuliza. Ondoa tena, weka Nne ya Panga. Upepo, udongo, upepo: maadui wawili. Sasa ustadi wenyewe umenyong'onyea. Mmoja anapumzika, mwingine ananyata, na fundi juu ya benchi hana anayemshikia mchoro. Karata ya katikati haikubadilika hata mara moja, lakini majibu matatu yametofautiana kabisa.

Daraja pia linaonyesha jinsi ya kutuliza uadui. Moto unaunganisha upepo na udongo, na maji nayo yanaweza. Upepo unaunganisha moto na maji, yaani hamu na hisia zinapatanishwa kwa maneno. Udongo nao unaunganisha moto na maji, safari hii kwa kitendo: kitu kinajengwa, kinalipwa, kinashikwa. Usikose kumwambia mwenye swali sehemu hii. Mara nyingi ndiyo inayomsaidia zaidi.

Turufu

Turufu nazo zina asili. Tatu zinapewa asili moja kwa moja, kumi na mbili kwa nyota za falaki, na saba kwa sayari. Ukizoea kusikia kwamba Simba ni nyota ya moto na Nge ni ya maji, nusu ya kazi umeshaimaliza. Namba hapa ni za pakiti ya 1909. Kwenye pakiti nyingine Haki ni 8 na Nguvu ni 11, lakini asili zake hazibadiliki.

Moto: Kaizari (4), Nguvu (8), Gurudumu la Bahati (10), Kiasi (14), Mnara (16), Jua (19), Hukumu (20).
Maji: Kuhani wa Kike (2), Gari la Vita (7), Aliyetundikwa (12), Kifo (13), Mwezi (18).
Upepo: Mpumbavu (0), Mwanamazingaombwe (1), Wapenzi (6), Haki (11), Nyota (17).
Udongo: Kaizari wa Kike (3), Kuhani Mkuu (5), Mpweke (9), Ibilisi (15), Ulimwengu (21).

Zile za sayari ndizo zenye ubishi, hasa Gurudumu la Bahati, kwa kuwa sayari moja inaweza kuhusishwa na asili zaidi ya moja. Chagua mpangilio mmoja, uandike kwenye karatasi, usiubadilishe katikati ya usomaji kwa sababu jibu halikupendeza.

Turufu ni nzito kuliko karata ndogo. Mnara kati ya Sita ya Vikombe na Tisa ya Vikombe ni moto kati ya maji mawili, kwa hiyo umedhoofika, ila usiufute. Usome hivi: mshtuko utasikika, na mapenzi ya watu walio karibu yataupunguza kabla haujabomoa kitu. Kwa upande mwingine, karata ndogo iliyobanwa na turufu mbili adui ichukulie kuwa karibu imezimika.

Karata za watu, yaani kijana, mpanda farasi, malkia na mfalme, zina asili ya pili kutokana na cheo, na wasomaji hawakubaliani cheo gani ni cha asili gani isipokuwa malkia kuwa maji na kijana kuwa udongo. Kwa kupima nguvu, tumia asili ya jamii peke yake. Malkia wa Fimbo ni moto, basi.

Makosa yanayorudi

La kwanza ni kudhani udhaifu ni ubaya. Karata mbaya ikidhoofika ni nafuu. Tisa ya Panga, mtu ameketi kitandani usiku amefunika uso, ikiwa kati ya sarafu mbili ni wasiwasi usio na mizizi. Karata nzuri ikidhoofika haigeuki kuwa mbaya, inapungua tu. Tisa ya Vikombe kati ya fimbo mbili ni ombi lililojibiwa lakini mtu ana haraka mno hata hana muda wa kulifurahia.

La pili ni kusoma asili na karata za kichwa chini kwa pamoja. Hivyo ni vipimo viwili vya kitu kimoja, na vikipingana utachagua kile unachokipenda. Ukitumia asili, zigeuze karata zote zisimame wima kabla ya kusoma.

La tatu ni kutafuta asili iliyokosekana katika karata tatu. Karata tatu haziwezi kubeba asili nne, kwa hiyo kusema "hapa hakuna maji, hampendani" ni kumwonea mwenye swali. Swali hilo linaanza kuwa na maana kwenye karata saba, kumi na kuendelea.

Mitandazo mirefu

Kwenye mstari wa karata tano, kila karata isiyo ya mwisho ni katikati ya watatu wake: unapata vikundi vitatu. Anza na karata ya tatu pamoja na ya pili na ya nne, kisha ya pili, kisha ya nne. Karata mbili za mwisho zina jirani mmoja mmoja, kwa hiyo usizipime kwa sheria hii. Zioanishe wao kwa wao, ya kwanza na ya tano, uone kama mwanzo na mwisho wa jambo vinapatana. Kuoanisha kutoka ncha mbili kuja ndani ni desturi ya Golden Dawn yenyewe, na kunafaa hata kwenye mistari ya karata saba au tisa.

Msalaba wa Kikelti, mtandazo maarufu wa karata kumi, haukupangwa kwa njia hii. Nafasi zake nyingi hazina ujirani wa kweli, kukaribiana kwake mezani ni kwa mpangilio tu. Pima karata ya kwanza na ile inayoikatiza, pima safu ya karata nne za upande wa kulia kama mstari, nyingine ziache.

Kujizoesha

Chukua karata 52 za kawaida, toa jokari. Weka tatu tatu mara ishirini (karata zikiisha, changa upya), na kila mara andika tu asili tatu na moja ya hali saba. Usitafsiri chochote. Mwanzoni utachukua dakika ishirini. Ukifika dakika tano bila kukosea, hamia kwenye taroti. Kisha hesabu ulichoandika: katika makundi ishirini, daraja litajitokeza mara tano hivi, na maadui wawili mara moja au isitokee kabisa. Kama daftari lako lina "dhaifu" mara saba au nane, rudi kwenye kila moja ya hizo uangalie jirani wa pili alikuwa nani.